Fereti na nyama mbichi: nani anabeba hesabu?

Wiki iliyopita rafiki yangu anayeishi kaskazini mwa Uingereza aliinua mto wa sofa akakuta bawa la kuku. Bichi. Lilikuwa limelala hapo siku mbili, na mwanawe wa miezi kumi anajifunza kutambaa kwenye zulia la chumba hicho hicho. Mwizi hakuhitaji kutafutwa. Ana fereti wawili, dume na jike, na siku kumi kabla ya hapo alikuwa ameamua kuwaachisha chakula kikavu cha punje na kuwahamishia kwenye nyama mbichi ya aina mbalimbali. "Dada, nimeharibu?" aliniuliza kwenye simu.

Kwa asiyemfahamu, fereti ni mnyama mrefu, mwembamba, mwenye miguu mifupi, wa ukoo mmoja na kicheche, nyegere na fisi maji. (Nguchiro anafanana naye kwa umbo, lakini wamepishana ukoo.) Ulaya wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000, hasa kwa kuwafurusha sungura mashimoni, na siku hizi analala sebuleni kama paka. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la mwizi mdogo, kwa kuwa chochote anachokipenda hukibeba na kwenda kukificha.

Wanaotetea nyama mbichi wanaanza na hoja isiyopingika: mwili wa fereti haukuumbwa kwa chakula cha mimea. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita tangu mdomoni hadi nje kwa saa tatu au nne tu, na hana ile sehemu ya utumbo ambamo wanyama wengine huchachusha nyuzi za majani. Anataka protini nyingi ya nyama, mafuta ya kutosha, na wanga kidogo kabisa. Punje kavu za kawaida zinahitaji wanga ili zishikane. Mtengenezaji akiondoa nafaka huweka njegere au viazi, mfuko ukapambwa kwa maneno mazuri, na tumbo la fereti likabaki na kazi ile ile. Protini ya mimea ikizidi, mkojo nao hupoteza uchachu wake na mawe huanza kujijenga kwenye kibofu.

Hapo nakubaliana nao. Wakisema kwamba wanarudi kwenye chakula cha jadi ndipo ninapotabasamu. Wawindaji wengi wa Uingereza waliwalisha fereti wao mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na wakiwa na bahati sungura siku ya mawindo. Hiyo nayo ni jadi, na ilikuwa mbaya.

Hoja inayowashawishi wengi zaidi ni ya ugonjwa. Fereti wa makamo hupata uvimbe kwenye kongosho unaomwaga insulini bila kipimo, sukari ya damu inashuka, mnyama analegea miguu ya nyuma, anadondosha mate, mwishowe anapata degedege. Marekani, ambako wengi wanakula punje, ugonjwa huu ni wa kila siku kwa madaktari wa wanyama wadogo. Ulaya, ambako wengi zaidi wanakula nyama, unasikika mara chache. Basi, wanasema, wanga ndio muuaji.

Inawezekana. Lakini fereti wa Marekani na wa Ulaya hawatofautiani kwenye sahani tu. Wengi wa Marekani wanatoka kwa wazalishaji wakubwa wachache, kwa hiyo wana undugu wa karibu wa damu, na huhasiwa wakiwa na wiki chache tu za maisha. Kuhasi mapema kunahusishwa waziwazi na ugonjwa mwingine mkubwa wa fereti, ule wa tezi zilizo juu ya figo, kwa sababu ubongo huendelea kutuma homoni za kuamsha viungo vya uzazi ambavyo havipo tena, na tezi hizo huitikia badala yake. Ukishakuwa na makundi mawili yanayopishana kwa nasaba, umri wa kuhasiwa na chakula, huwezi kuchomoa chakula peke yake ukakipandisha kizimbani. Mimi nadhani wanga una mchango. Ushahidi kwamba nyama mbichi inazuia uvimbe huo bado haujaletwa mezani.

Tukishaiweka kando ahadi hiyo kubwa, kinachobaki ni mambo ya jikoni, na hapo ndipo mnyama anaponenepa au kuharibika. Anayemimina punje nzuri kwenye bakuli amemwachia mtu wa kiwandani hesabu yote: kalisi kiasi gani, vitamini kiasi gani, taurini (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama) kiasi gani. Anayehamia nyama amejitwika hesabu hiyo mwenyewe, na wengi hawajui kwamba wameibeba.

Chukua kifua cha kuku, ambacho ndicho mtu hukimbilia kwa kuwa ni kisafi na hakina harufu. Nyama tupu ya misuli ina fosforasi mara 15 au zaidi ya kalisi yake, wakati mwili unataka viwili hivyo vikaribiane, kalisi ikiwa juu kidogo. Pengo hilo mwili unaliziba kwa kuchota kalisi mifupani. Fereti anayekula vifua vya kuku kila siku ataonekana mwenye afya kwa muda, manyoya yanang'aa, huku mifupa yake ikilainika taratibu. Huyo ana hali mbaya kuliko mwenzake anayekula punje za wastani, ingawa mwenye naye anajisifu kwamba amemrudisha kwenye asili.

Wazoefu wa njia hii hukadiria hivi: asilimia 80 nyama, 10 mfupa wa kulika, 5 maini, na 5 iliyobaki figo au bandama. Ni kukadiria mwili wa windo dogo, hakuna aliyeshushiwa kutoka mbinguni. Moyo unahesabiwa upande wa nyama, na haufai kukosekana kwa sababu ni hazina ya taurini, ambayo nyama ikisagwa na kugandishwa muda mrefu hupungua. Maini hayazidishwi, maana vitamini A ikirundikana huwa sumu. Samaki mbichi ni mtego mwingine: baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wafugaji wa mbweha wa manyoya huko Minnesota, Marekani, walijifunza hilo miaka ya 1930, mbweha waliolishwa samaki mbichi walipopooza na kufa, na ugonjwa ukabaki na jina la mwenye shamba, Chastek. Vifaranga wa siku moja waliogandishwa, ambao Ulaya huuzwa kwa bei nafuu, ni kitafunwa kizuri, lakini mifupa yao haijakomaa na hawawezi kuwa chakula chote.

Kwa hiyo neno zito kwenye mpango wa rafiki yangu lilikuwa "mbalimbali", na ndilo alilolipuuza. Nilipomuuliza amewapa nini kwa siku hizo kumi, alisema: mabawa, mapaja, na Jumapili firigisi. Kuku, kuku, na kuku. Sungura, kondoo, ng'ombe, panya na kware (ndio, wale wale ambao Wakenya walikimbilia kuwafuga kama wazimu mwaka 2014) kila mmoja analeta mafuta na madini kwa kipimo chake, na kasoro ya mmoja inafunikwa na mwingine. Aina ikiwa moja, kosa lake linajirudia kila siku.

Upande wa pili wa ubishi unazungumza kuhusu vijidudu, na hauzungumzi hewani. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kupima vifurushi 35 vya nyama mbichi iliyogandishwa inayouzwa kwa ajili ya mbwa na paka: 19 vilikuwa na Listeria ile inayowaambukiza watu, 8 vilikuwa na E. koli ya aina hatari ya O157, na 7 salmonela. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinashauri tangu 2012 kwamba mbwa na paka wasipewe nyama isiyopikwa. Wapenzi wa nyama mbichi hujibu kwamba hata punje kavu zimewahi kuwaambukiza watu salmonela, na ni kweli, Marekani na Kanada ilitokea mwaka 2012. Huongeza kwamba tumbo la fereti ni kali. Hilo nalo huenda ni kweli, ila halimsaidii mtoto anayetambaa. Mbwa humaliza nyama mbele yako, fereti anaibeba nyuma ya sofa. Tabia hiyo moja inabadilisha hatari yote, na nashangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra pande zote mbili.

Kuna jambo jipya zaidi. Fereti anaambukizwa mafua kama binadamu: mwaka 1933 kwenye maabara ya Mill Hill, London, watafiti Smith, Andrewes na Laidlaw walithibitisha virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti, na baadaye mtafiti mmoja wa maabara hiyo alipigwa chafya na fereti akaugua. Mpaka leo ndiye mnyama wa maabara za mafua. Sasa virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vimeenea tangu 2021 kuliko wakati wowote uliotangulia Ulaya. Mwaka 2023 paka wengi wa Poland walikufa kwa virusi hivyo, na sampuli ya nyama ya kuku waliyokuwa wakilishwa ilikutwa navyo, ingawa chanzo cha mlipuko wote hakikuthibitishwa. Desemba 2024 paka wa Oregon, Marekani, alikufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa, na virusi vya kwenye chakula na vya kwenye mwili wa paka vikaoana. Friza huua baadhi ya vimelea ikipewa muda, lakini virusi hivi na salmonela hulala tu humo. Mtu aliyefanya uamuzi wake kuhusu kuku mbichi miaka kumi iliyopita hana budi kuufanya upya.

Na hata anayeamua vizuri anaweza kumuumiza mnyama katika kuhama kwenyewe. Huko Tübingen, Ujerumani, miaka ya 1970, mtafiti Raimund Apfelbach alionyesha kwamba ndugu wa porini wa fereti hujifunza harufu ya chakula wakiwa wachanga, miezi ya mwanzo, na baada ya hapo harufu ngeni haiwaambii kwamba hiki ni chakula. Ndiyo maana fereti mtu mzima aliyelelewa kwa punje anaweza kuipita nyama safi kama anavyolipita jiwe. Ushauri wa kumshindisha njaa "mpaka ashike adabu" ni wa hatari: ana tumbo la saa nne, na kama kongosho lake tayari lina uvimbe uliojificha, njaa inaweza kumwangusha. Inafaa kwenda polepole. Punje zilizolowekwa zinapondwa na kijiko cha nyama iliyosagwa, anaonjeshwa kwenye ncha ya kidole, kiasi cha nyama kinapanda kwa wiki kadhaa huku uzito ukipimwa. Wengine huchukua miezi. Fereti mzee au mgonjwa mimi ningemwacha na punje zake, nikatafuta zenye nyama nyingi zaidi.

Kuna njia ya tatu ambayo kambi zote mbili zinaidharau: kupika. Nyama iliyochemshwa kidogo bila mifupa, ikaongezwa unga wa ganda la yai kwa ajili ya kalisi na taurini ya duka la dawa, kwa kipimo alichokikagua daktari, bado ni nyama, bado haina wanga. Unachopoteza zaidi ni kutafuna mfupa, na mfupa uliopikwa haupewi kamwe kwa kuwa hupasuka vipande vikali. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, sioni sababu ya kung'ang'ania ubichi.

Nilimwambia rafiki yangu hakuharibu, alianza vibaya. Tukakubaliana katikati: kuku na bata mzinga watapikwa, moyo wa ng'ombe na kondoo utagandishwa kwanza kisha watapewa mbichi, punje hazitaondoka bakulini mpaka wote wawili wale nyama bila kubembelezwa. Sungura ananunua wa kufugwa, si wa kupigwa bunduki, kwa sababu punje za risasi hubaki nyamani. Jike amekubali moyo siku ya tatu. Dume bado anaunusa na kuondoka. Mbavu za sungura wanapewa ndani ya tundu, mlango umefungwa, na hawatoki mpaka mama mtoto ameangalia chini ya blanketi lao.