Gudulia la mjomba, na mafunzo ya akiolojia ya baharini

Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu alirudi kutoka baharini na gudulia lililonaswa na jarife lake. Lilikuwa dogo, shingo imevunjika, na juu yake rangi ya kijani iliyong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Mama akalisugua kwa mchanga, akaliweka dirishani likauke. Siku chache baadaye likaanza kutoa unga mweupe. Wiki ya pili ile rangi ikawa inabanduka magamba magamba, na Ramadhani ilipoingia tulibaki na kigae cha udongo kisicho na pambo lolote.

Sababu nilikuja kuijua ukubwani. Chombo cha udongo kikikaa baharini miaka mingi hunywa chumvi hadi ndani. Kikianikwa, chumvi hiyo huganda ikawa chembe, na chembe zikikua husukuma rangi ya juu mpaka itoke. Dawa yake ni ndoo na subira: kibaki majini, na maji yabadilishwe, chumvi ipungue kidogo kidogo kwa wiki au hata miezi. Ndoo tulikuwa nazo. Aliyekosekana ni mtu wa kutuambia.

Kwa hiyo nikisikia habari za mafunzo ya akiolojia ya chini ya maji, yaani elimu ya kuchunguza mabaki ya kale yaliyozama, jambo la kwanza nalotaka kujua ni kama maabara ya kutibu vinavyotolewa imetajwa. Picha tunazoletewa ni za mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni, samaki wakimzunguka. Kuzamia ni kazi, sikatai, lakini cheti cha mwanzo cha kuzamia hupatikana kwa siku chache. Kupima mabaki ya meli kwa utepe huku mkondo unakuvuta na huoni mbele ya mkono wako, kuchora kila ubao ulivyolala, kuamua kipi kiachwe na kipi kitolewe, kisha kukiuguza kilichotolewa kwa miaka: hayo hayafundishwi kwa wiki sita. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unataka kukiacha kitu pale kilipo kuwe ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Gudulia letu lilikuwa salama mchangani. Liliharibika dirishani kwetu.

Mombasa tulipata darasa kubwa mapema sana. Manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome tangu mwaka uliotangulia. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa taasisi ya akiolojia ya meli kutoka Texas, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimba, wakatoa vitu maelfu, wakavitibu humo humo ngomeni. Mbao za meli yenyewe waliziacha chini na kuzifunika tena. Nenda kaangalie vitu hivyo kwenye makumbusho ya Fort Jesus. Kila nikisimama pale huwaza: kama kila msimu wa kazi ile ungefuatana na vijana kumi wa Kenya, Tanzania na Visiwa vya Komoro, leo tungekuwa na walimu wazee wa fani hii, na wanafunzi wa wanafunzi wao.

Wapo waliojitahidi baadaye. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, timu ya Makumbusho ikiongozwa na Caesar Bita imefanya kazi kwenye meli iliyotoa pembe za ndovu na shaba. Watafiti wanadhani huenda ni São Jorge, ya msafara wa Vasco da Gama wa 1524, ingawa bado haijathibitishwa. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wavuvi wa pale wameshirikishwa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mvuvi wa pweza hahitaji kuelezwa maji mafu ni siku gani, wala ni mwezi upi wa kusi maji huchafuka. Mwanafunzi wa kwanza wa akiolojia ya baharini ni yeye, na chuo kimfuate kwake: kimfundishe kupima, kuandika na kupiga picha, na kimlipe. Asipolipwa yeye, mnunuzi wa chuma chakavu atamlipa.

Tusidhani hatari hii ni ya kufikirika. Jirani zetu wa Msumbiji waliiona: kampuni ya biashara ilipewa ruhusa ya kutafuta meli kwenye maji ya Kisiwa cha Msumbiji, na mwaka 2004 vyombo vya kaure vya Kichina, vya enzi ya Ming, vilivyotoka huko vikapigwa mnada Amsterdam. Nchi isiyo na wazamiaji wake huletewa wa kukodi, na wa kukodi hutaka chake.

Basi mafunzo ninayoyatamani ni haya: mwanaakiolojia azamie, mvuvi asome, na wote wawili wakirudi nyumbani wakute ajira, mashua, mashine ya kujazia mitungi na chumba chenye mabirika ya kuondolea chumvi. Cheti kinachofungiwa kabatini kwa kukosa mafuta ya mashua hakijamlinda mtu wala meli.

Mwaka jana nilimuuliza mjomba kama anakumbuka lile jarife lilinasa wapi. Hakufikiri hata kidogo. "Mwanangu, mnara wa msikiti ukae juu ya mbuyu, na ile minazi miwili ionekane mmoja. Hapo tupa nanga." Nikachukua kalamu nikaandika.