"Tunamujua": sifa ya mshtakiwa mbele ya tribinali

"Ule mutoto tunamujua." Ukikaa katika kesi ya wizi wa usiku hapa Lubumbashi, hutakawia kulisikia neno hilo. Shahidi ameulizwa habari za simu na televisheni zilizochukuliwa. Anajibu habari za kijana: anavuta bangi, alishafungwa gereza la Kasapa, mama yake mwenyewe amemchoka. Nyuma watu wanatikisa vichwa kukubali. Nani aliingia dirishani, saa ngapi, bado hatujaambiwa.

Wanaotaka tribinali isikie hayo yote wana hoja. Wezi huja gizani, nyuso zimefunikwa, na mara nyingi jirani ndiye shahidi pekee. Sheria yetu ya Kongo, tuliyorithi kwa Wabelgiji, inamwachia jaji apime ushahidi wote kwa imani ya moyo wake. Kenya (nchi, si komini yetu, mtaa wa hapa mjini wenye jina hilo) ilishika njia ya Waingereza: tabia mbaya ya mshtakiwa haipokelewi kuthibitisha kosa, ila kwa milango michache, kwa mfano yeye mwenyewe akianza kujisifu. Hata Uingereza yenyewe ilipanua milango hiyo kwa sheria ya mwaka 2003.

Husemwa pia kwamba kanuni hiyo ilitungiwa raia wa kawaida wanaoketi kuamua hatia, na sisi tuna majaji waliosoma. Lakini Kenya nayo huamua kwa majaji na mahakimu, na kanuni haikuitupa. Jaji aliyesoma naye hulala Katuba au Kampemba, huamshwa na sufuria zinazogongwa usiku kuonya kwamba wezi wamekuja, kama sisi.

Kinachonisumbua zaidi ni jina "kuluna", wanaloitwa vijana wa magenge ya mitaani. Kanuni ya adhabu hailitaji. Parke, yaani ofisi ya mashtaka, huandika "chama cha wahalifu", kifungu cha 156 na vinavyofuata: kosa lipo kwa kule kuunda genge tu, na adhabu inaweza kufika kifo. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu hiyo lililodumu tangu 2003, ikitaja pia ujambazi wa mijini unaoua watu. Sasa genge linathibitishwaje? Kwa nani anakaa na nani, chini ya mwembe gani, mpaka saa ngapi. Yaani kwa tabia. Kijana akikamatwa katika msako akaachiwa bila kesi, msako wa pili atakuwa wa kwanza kupandishwa garini, maana polisi wanamjua. Parke itaandika kwamba alishakamatwa. Majirani watasema walimwona akipandishwa. Kukamatwa kule kwa kwanza hakukuthibitisha lolote, lakini kumeshazaa mashahidi.

Isitoshe, kwetu hatia na adhabu husikilizwa katika kikao kimoja. Avoka (wakili) anayetaka mteja wake apunguziwe kwa kuwa ni kosa la kwanza inabidi asimulie maisha yake papo hapo anapokana kosa lenyewe. Anaweka mezani karatasi ya tabia njema ya komini, ile tunayoilipia tukitafuta kazi, ambayo karani huigonga muhuri bila kuinua macho. Jaji akiipuuza simlaumu. Ila "tunamujua" ya jirani, isiyo hata na muhuri, mbona yeye huipa uzito?

Sisemi jirani anyamazishwe. Akieleza kwamba kijana huyu aliwahi kuingia kwake vilevile, kwa kung'oa bati la jikoni, hilo linahusu kitendo, lisikilizwe. Lakini kifungu cha 17 cha katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, na cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. Basi avoka waanze na ombi dogo: jaji aandike ni ushahidi upi unaomweka kijana ndani ya nyumba ile, usiku ule. Ya bangi na ya Kasapa yangoje sehemu ya adhabu, kama hukumu itafika huko.