Usilikate tumbo la boti

Modeli yangu ya kwanza ya Schnellboot, ya kipimo cha 1:72 (ndogo mara 72 kuliko boti yenyewe), niliikata tumbo, yaani sehemu inayokaa chini ya maji, kwa msumeno mwembamba nikaigandisha juu ya bahari ya plasta. Ilipendeza: povu jeupe tezini, yaani nyuma ya boti, mizinga juu, mabaharia wadogo sitahani. Leo nikiitazama nasikitika, maana kile nilichokitupa ndicho kilichozifanya boti hizi za topido za Wajerumani ziogopwe katika Vita vya Pili vya Dunia.

Wengi tunaounda modeli tunahangaikia vya juu. Tunagombana kuhusu rangi ya kijivu na idadi ya mizinga. Chini ya mstari wa maji, kimya.

Umbo lile halikuzaliwa vitani. Mwaka 1927 karakana ya Lürssen, huko Vegesack karibu na Bremen, ilimjengea Otto Kahn, tajiri wa benki wa New York, boti ya starehe iliyoitwa Oheka II, yenye kasi ya noti 34, yaani maili 34 za baharini kwa saa. Jeshi la Maji la Ujerumani likavutiwa nayo, na mwaka 1930 likapokea boti yake ya kwanza ya aina hiyo.

Boti nyingi za Waingereza za kazi kama hiyo zilikuwa na tumbo la kona, la kuteleza juu ya maji. Kwenye maji matulivu zinaruka. Bahari ikichafuka zinapigwa na mawimbi hadi mabaharia wanaumia. Tumbo la Schnellboot ni la mviringo, refu na jembamba, nalo hupasua wimbi badala ya kulirukia. Mbao zake zilifungwa juu ya mataruma, yaani mbavu za boti, ya aloi nyepesi. Ndani mlikuwa na injini tatu za dizeli za Daimler-Benz, wakati wapinzani walibeba petroli, na risasi moja ya moto penye petroli inatosha kuangamiza watu wote.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni sukani mbili ndogo za pembeni, zinazosaidiana na ule mkubwa wa katikati. Boti ikishika kasi, nahodha anazigeuza zielekee nje. Nyuma ya rafadha, zile panga zinazosukuma boti, huingia hewa, wimbi la tezini linapungua, tezi haididimii, na rafadha zinashika maji vizuri. Hivyo boti ya mita 35 na uzito wa tani mia hivi ilifika karibu noti 40, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Vipande viwili tu, ambavyo kwenye 1:72 havizidi ukucha! Nami nilivitupa.

Kasi hiyo iliua watu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, Schnellboot tisa kutoka Cherbourg, bandari ya Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani, ziliukuta katika Ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, msafara wa Wamarekani uliokuwa kwenye mazoezi ya kuivamia Normandy. Meli mbili za kubebea vifaru na askari, LST-507 na LST-531, zilizama, na ya tatu ikapigwa vibaya. Hesabu inayotajwa sana ni Wamarekani 749 waliokufa. Wengi walikuwa wamevaa maboya kiunoni badala ya kwapani, huku wamebeba mizigo mgongoni; maji yakawapindua vichwa chini. Siwezi kuiona modeli ya boti hizi kama pambo tupu, wala sidhani mwingine anapaswa kufanya hivyo.

Mojawapo ya zile tisa ipo hadi leo. Ni S-130, iliyojengwa mwaka 1943, na baada ya vita Waingereza waliitumia Bahari ya Baltiki. Iliishia Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa ajili ya kukarabatiwa. Ukitazama picha zake ikiwa nchi kavu, macho yanakwenda tumboni kabla ya kwingine kokote.

Sasa ninajenga ya pili, ya 1:35, urefu wake mita moja kamili. Bahari ya plasta haimo. Itakaa juu ya nguzo mbili za mbao, tumbo wazi. Sukani za pembeni nimezitia pini bila gundi, mtu azigeuze kwa kidole aone zinavyoelekea nje. Kwenye ubao wa chini nimechonga tarehe ya Lyme na nambari za zile meli mbili.