Sumukuvu Dodoma: Kinga Ianzie Shambani au Ghalani?

Kati ya Mei na Novemba 2016, watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu), na 20 wakafariki. Wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto ziliguswa. Tangu hapo wataalamu wanavutana: nguvu ziwekwe shambani au ghalani?

Wanaotetea shamba wana hoja nzito kwa ukanda huu. Kuvu wanaotengeneza sumu hii, Aspergillus flavus, wanaishi udongoni na huuingia mmea wa mahindi ungali umesimama, hasa mvua inapokata na jua kuwaka wakati wa mbelewele. Dodoma hilo ni jambo la kawaida. Mkulima anaweza kuvuna mahindi yaliyokwisha kupata sumu, akayaanika vizuri kabisa, na sumu isitoke. Hata moto wa ugali hauimalizi. Ndiyo maana ikaletwa Aflasafe: punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile wasio na sumu, wawahi kushika nafasi ya wale wenye sumu. Humwagwa kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya maua. Lakini kuvu hao hawachipui bila unyevu. Mvua ikikata wiki hiyo, punje hubaki kavu juu ya udongo, zikaliwa na ndege na sisimizi. Ukame uleule unaoleta sumu ndio unaoidhoofisha dawa.

Upande wa ghala ni nafuu zaidi. Anika juu ya turubai, si ardhini. Usipure kwa fimbo, maana punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Kupima ukavu, weka mahindi kwenye chupa kavu hadi theluthi, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Kisha chambua utoe punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Hapo sumu nyingi huondoka. Mfuko usiopitisha hewa huua dumuzi, ila hauondoi sumu iliyokwisha kuingia.

Kukoboa nako kunapunguza sumu, kwa kuwa nyingi iko kwenye ganda na kiini (sehemu ya punje inayochipua). Hapa ushauri wa lishe unaosifu dona unagongana na usalama, na pumba zikienda kwa kuku, sumu imehamia bandani tu.

Kwangu, fedha ikiwa kidogo, turubai na uchambuzi vitangulie. Ila mwaka wa ukame havitoshi, na hapo ningerudisha uwele na mtama mashambani: vinastahimili jua la Dodoma na kwa kawaida hubeba sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Wapimaji wa sumu nao wasichote kiganja kimoja mdomoni mwa gunia. Kikomo cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, na punje chache tu zilizojificha chini zinaweza kulivusha gunia zima. Bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, lipite juu, katikati na chini, sampuli zichanganywe na kusagwa ndipo zipimwe.