Kombe, shaba na hewa ukaa: tuanze na lipi?

Bamvua likiwa kubwa na maji yakapwa hadi mbali, kina mama wa Unguja hushuka pwani na vikapu vyao kutafuta kombe na chaza. Kombe hana pa kukimbilia. Samaki akihisi maji mabaya huhama. Kombe hubaki pale pale alipojifukia, huchuja maji, na kilichomo humo hupita mwilini mwake kabla hakijafika kwenye sufuria. Ndiyo maana mjadala wa wanasayansi kuhusu tindikali na metali baharini, ambao mara nyingi huandikwa kana kwamba ni wa maabara tu, mimi nauona ni wa jikoni.

Mjadala wenyewe ni huu. Viumbe wa baharini wanatishiwa zaidi na tindikali inayotokana na hewa ukaa ya dunia nzima, au na metali tunazozimwaga wenyewe mitoni na bandarini? Na mawili hayo yakikutana, madhara yanajumlishwa tu au moja humpa mwenzake nguvu?

Tuanze na tindikali. Takriban robo ya hewa ukaa inayotoka viwandani, kwenye magari na kwenye mitambo ya umeme humezwa na bahari. Ikiyeyuka majini huzaa tindikali hafifu. Tangu enzi za viwanda zianze, pH ya maji ya juu ya bahari, yaani kipimo kinachoshuka tindikali ikizidi, imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini pH haihesabiwi kama sentimita za rula: kushuka huko ni sawa na ongezeko la tindikali la zaidi ya robo. Bahari haijageuka siki na haitageuka, bado iko upande wa magadi. Taabu ni kwamba tindikali hiyo inapunguza kaboneti, malighafi ya chokaa iliyomo majini, na bila kaboneti ya kutosha kombe, chaza na matumbawe hupata shida kujenga makombe na mifupa yao ya chokaa.

Metali ni habari ya nyumbani zaidi. Anayepita Daraja la Salenda jijini Dar es Salaam maji yakiwa yamepwa anaijua harufu ya mlango wa Mto Msimbazi. Mto huo hupita kwenye viwanda, gereji na makazi ya watu kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na kwa miongo kadhaa watafiti wamekuwa wakikuta humo metali kama risasi, shaba na kromi. Bandarini kuna chanzo kingine ambacho wengi hatukifikirii, nacho ni rangi ya meli. Zamani meli zilipakwa rangi yenye sumu ya bati, iliyowafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008 uliipiga marufuku, na nafasi yake kwa sehemu kubwa ikachukuliwa na rangi zenye shaba. Shaba hiyo huwekwa ili viumbe wasijishikize kwenye meli. Kazi yake ni kuua, na mtoto wa chaza anayeelea jirani haimbagui.

Sasa yanapokutana. Shaba iliyomo majini haina sumu sawa wakati wote. Inayodhuru zaidi ni ile iliyo huru, isiyoshikwa na kitu kingine, na kaboneti ni mojawapo ya vitu vinavyoishika. Tindikali ikiipunguza kaboneti, shaba huru huongezeka ingawa hakuna aliyemwaga hata gramu moja ya ziada. Risasi nayo ina tabia hiyo. Mwaka 2016 Ceri Lewis wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la shaba kwa kome na kwa wale wanyama wa miiba wanaowachoma wavuvi miguuni miambani. Katika maji yenye tindikali inayotarajiwa siku za usoni, madhara ya shaba yaliongezeka kwa wote wawili, ila si kwa namna moja, kwa sababu mnyama wa miiba ana uwezo wa kuisawazisha tindikali mwilini na kome hana.

Hapo wengi huishia na kutangaza kwamba tindikali inaigeuza kila metali kuwa sumu kali. Ushahidi hausemi hivyo, na upande wa pili unastahili kusikilizwa kwa makini. Kwanza, kadimi na zebaki baharini hushikwa zaidi na kloridi ya chumvi kuliko kaboneti, hivyo pH ikishuka kidogo hali yao haibadiliki sana. Pili, sehemu kubwa mno ya shaba ya baharini hushikwa na mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini. Tatu, matope ya mikokoni yana kemia yake: chini ya sentimita chache hakuna oksijeni, tindikali tayari ni nyingi kuliko kwenye maji ya juu, na salfaidi, yaani misombo ya salfa, huzifunga metali humo. Kisha kuna ushindani mlangoni. Chembe za tindikali nazo hugombania nafasi kwenye matamvua, na huweza kuizuia metali isiingie. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 juu ya vijidudu vidogo vya matopeni vinavyofanana na kamba lilikuta kwamba kadimi na shaba, zikichanganywa na hewa ukaa nyingi, zilidhuru chini ya ilivyotarajiwa.

Nikipima pande zote mbili, naona hofu ina msingi, lakini mahali maalumu: kwa shaba kuliko kadimi, na kwa mayai, mbegu za kiume na watoto kuliko wakubwa. Kutoka hapo hatuna ruhusa ya kusema metali zote, wala viumbe wote. Ila mahali hapo maalumu ni pakubwa kwetu, kwa kuwa mikono ya bahari, midomo ya mito na mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba wa pwani yetu, na ndiko uchafu wa miji unakoishia.

Mabishano makali zaidi yako kwenye sera. Kuna wanaosema tushughulike na metali kwanza, kwa sababu Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Hata tukizima kila injini kesho, pH ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, haitarudi. Metali, kwa upande mwingine, ina mwenyewe anayejulikana. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika miili ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 iliamriwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ingawa rufaa zilifuata. Hakuna mahakama ya Mombasa iwezayo kuiamuru hewa ukaa.

Wengine wanajibu kwamba huo ni mtego. Mataifa yaliyoijaza anga kwa miaka 200 yatafurahi kuona tunazoa takataka zetu huku yenyewe yakiendelea, na matumbawe yatakufa katika maji masafi yenye joto na tindikali. Hoja hii ina haki yake, na siipuuzi. Lakini sikubali kwamba tunalazimika kuchagua. Ikiwa pH inayoshuka inaipa shaba makali, basi kila kilo ya shaba tunayoizuia leo inapunguza madhara ya tindikali ambayo hatukuileta sisi. Madai yetu kwa nchi tajiri hayapungui uzito kwa sababu tumesafisha Msimbazi.

Kuna jambo jingine lililo mikononi mwetu, nalo limefanyiwa utafiti hapa hapa. Mwaka 2009 Immaculate Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walionyesha, katika Ghuba ya Chwaka, kwamba majani ya bahari yanapotengeneza chakula chao juani huvuta hewa ukaa na kuipandisha pH ya maji yanayoyazunguka, na mwani wenye chokaa uliokuwa jirani ulijenga chokaa haraka zaidi. Kila shamba la majani hayo linaloburutwa na juya ni kinga inayong'olewa. Ila usiku mambo hugeuka: majani hupumua, pH hushuka. Wafugaji wa chaza wa Oregon, Marekani, walilijua hilo kwa gharama. Watoto wa chaza walipokufa kwa wingi karibu na mwaka 2007, walishuku bakteria kwanza. Baadaye vipimo vikaonyesha maji baridi ya kilindini yenye hewa ukaa nyingi, na mojawapo ya ponyo likawa kuvuta maji alasiri, mimea ikiwa imeshafanya kazi yake.

WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao yake Zanzibar, kimesaidia nchi za ukanda huu kupima pH. Hiyo ni kazi ya kuungwa mkono, lakini pH ikipimwa mahali pake na metali mahali pengine, mwezi mwingine, swali nililoanza nalo halitajibika. Vipimwe pamoja, katika maji yale yale, Msimbazi, mkono wa bahari wa Tudor huko Mombasa na Chwaka, na visipimwe mchana peke yake. Saa ngumu kwa kombe ni alfajiri, kabla jua halijayafikia majani.