Mseto wa masomo Gredi ya 10: shule ya Kikatoliki iamue, au mtoto?

Mwanafunzi anayeripoti Gredi ya 10 katika shule ya Kikatoliki magharibi mwa Kenya, iwe ni St. Peter's Mumias, St. Mary's Yala au shule ndogo ya kutwa ya parokia viungani mwa Kisumu, hufika na barua inayotaja mkondo atakaosoma. Mkondo huo aliuchagua akiwa Gredi ya 9, miezi kadhaa kabla ya kuketi KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9. Katikati hapo mengi hubadilika. Matokeo yametoka na kumshangaza, shule aliyopewa si ile aliyoitaja kwanza, na mseto wa masomo, yaani masomo matatu ya hiari, uliomo kwenye mfumo wa wizara pengine hauna mwalimu pale shuleni. Ndipo mwalimu mkuu husema, "Tutampanga sisi," na mzazi hujibu, "Lakini alishachagua."

Kwa wazazi ambao mtoto wao mkubwa alisoma 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, mpango wenyewe uko hivi. Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) ina mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila shule lazima iwe na STEM. Mikondo mingine inategemea uwezo wake. Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya) na Hisabati ni lazima kwa wote, ila Hisabati yenyewe imegawanywa: ya kina kwa wanafunzi wa STEM, na nyepesi zaidi, ya matumizi, kwa mikondo mingine. Juu ya hayo mwanafunzi huongeza masomo matatu ya hiari, angalau mawili yakiwa ya mkondo wake.

Kundi la kwanza, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026, lilichagua shule 12: nne kwa kila mseto kati ya mitatu. Shule tisa zilikuwa za bweni, tatu za kaunti ya nyumbani na sita za nje, na tatu za kutwa katika kaunti ndogo ya mwanafunzi. Alama za kuwapanga zilijumlishwa kutoka sehemu tatu: KJSEA asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi 9) asilimia 20.

Tuanze na upande wa shule, kwa sababu wazazi wengi huupuuza. Mwalimu wa sekondari aliyeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, hutarajiwa kufundisha vipindi 27 kwa wiki. Somo la hiari likichukua vipindi sita, mwalimu mmoja wa Fizikia anaweza kubeba madarasa manne, basi. La tano likiongezeka itabidi bodi ya usimamizi imwajiri mwalimu wake, na mshahara huo hatimaye hutoka mfukoni mwa mzazi. Maabara nayo ina kikomo chake. Chumba chenye nafasi 24 za kufanyia majaribio kikipokea darasa la 48, zoezi moja la Kemia hugawanywa mara mbili: mhudumu wa maabara aandae kemikali mara mbili, na ratiba itafutiwe kipindi kingine ambacho hakipo. Kwa kawaida kinachofuata ni mwalimu kuacha majaribio na kuonyesha mwenyewe mbele ya darasa, wanafunzi wakinakili.

Ukiongeza mseto unaotakiwa na wanafunzi sita tu, tuseme Kifaransa, Fasihi ya Kiingereza na Muziki, unaona kwa nini shule inayopokea watoto 300 haiwezi kutimiza kila ombi. Hilo halitokani na ukaidi wa masista au mabruda waliojenga shule. Vipindi vya wiki vina idadi.

Hoja hii ya uwezo ni ya kweli. Kosa ni pale shule inapoitumia kufunika jambo jingine kabisa: kuwagawa watoto kwa jumla ya pointi. Karatasi ya KJSEA ina masomo tisa, kila moja likiwa na pointi 1 hadi 8, hivyo kilele ni 72. Shule zenye waombaji wengi hupenda kuweka mstari: pointi 54 kwenda juu STEM, walio chini Sayansi za Jamii. Ni rahisi, na mzazi hana la kubisha kwa kuwa tarakimu inaonekana haina upendeleo.

Hebu tuwapime watoto wawili wa mfano waliopata 54 kila mmoja. Wa kwanza ana 7 katika Hisabati, 7 katika Sayansi Jumuishi, 7 katika Masomo ya Awali ya Ufundi na 6 katika Kilimo. Kiingereza na Kiswahili ana 5 kila kimoja, Masomo ya Jamii 6, Dini 6, Sanaa na Michezo 5. Wa pili ana 4 katika Hisabati, 5 katika Sayansi Jumuishi, 5 katika Ufundi, 6 katika Kilimo, halafu 7 katika Kiingereza, Kiswahili, Masomo ya Jamii na Dini, na 6 katika Sanaa na Michezo. Jumla ni ileile. Mstari wa 54 unawapeleka wote wawili kwenye Fizikia na Hisabati ya kina, na huyu wa pili, ambaye angeng'ara katika Historia na Fasihi, atahangaika miaka mitatu na hesabu ambazo karatasi yake ilishasema bado anazikaribia tu.

Upande wa pili wa mstari huohuo kuna mtoto mwenye pointi 49 aliyepata 7 katika Hisabati na 7 katika Sayansi, akaangushwa na lugha. Huyo ananyimwa mlango uliokuwa wake. Wanaoishi karibu na shule hizi wanafahamu hasara ilivyokuwa enzi za 8-4-4: aliyeacha Fizikia mwishoni mwa Kidato cha Pili alikuwa ameaga uhandisi, na aliyeacha Kemia aliaga udaktari na uuguzi. Mara nyingi aligundua baada ya KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, anapofungua ukurasa wa KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni.

Hata alama ya somo moja inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sayansi Jumuishi huchanganya Fizikia, Kemia na Bayolojia. Pointi 6 hazikuambii mtoto ameshika ipi. Tena Sekondari Msingi nyingi ziko ndani ya shule za msingi zisizo na maabara. Mtoto wa Nyando au Budalang'i aliyepata 5 bila kuwahi kushika mrija wa majaribio, na wa shule ya kibinafsi ya mjini Nakuru aliyepata 5 baada ya miaka mitatu ya maabara, hawako mahali pamoja.

Shule makini hutoa mitihani mifupi ya kuingilia, somo kwa somo. Nayo ina mitego. Ukiitoa wiki ya kwanza, unampima nani kapumzika na nani karo yake ilipatikana mapema. Robo ya darasa huenda haijaripoti. Afadhali kutoa mtihani mmoja mwishoni mwa wiki ya pili na mwingine baada ya wiki nne za kufundishwa, kisha kuangalia kupanda kwa alama zaidi ya alama zenyewe. Aliyetoka 30 akafika 48 kwenye Kemia anajifunza. Aliyebaki kwenye 50 mara zote mbili huenda amefika anapoweza kufika kwa sasa, au amechoka. Mwalimu wa somo ndiye wa kulitambua hilo, si msimamizi wa masomo aliyekaa na karatasi ya jumla.

Kuhusu kugawa madarasa kwa ukali wa akili, A la wakali na D la wanaosukumwa, tuseme kwa ufupi: ndani ya Sekondari Pevu hakuna haja. Mseto wenyewe unatosha kugawa madarasa. Hisabati peke yake inaweza kuhalalisha vikundi, kwa sharti kwamba mtoto aweze kupanda kila muhula na kwamba darasa la D lisiachiwe mwalimu mgeni kila mwaka.

Sasa lile ambalo ni la shule za Kikatoliki hasa. Katika 8-4-4 nyingi zilifanya CRE, somo la Dini ya Kikristo, kuwa lazima hadi Kidato cha Nne, na wachache walilalamika: masomo yalikuwa saba au manane, nafasi ilikuwepo, na wengi walivuna alama nzuri humo. Katika Sekondari Pevu somo hilo ni la hiari na limo kwenye Sayansi za Jamii. Mwenye Bayolojia, Kemia na Fizikia hana pa kuliweka. Shule ikimlazimisha, lazima atoe moja, na kwa kawaida hutoa Fizikia. Kwa hiyo sharti ambalo zamani halikumgharimu mtu sana leo linaweza kumfungia mtoto kazi aliyoikusudia.

Upande wa mfadhili si wa kupuuzwa. Kanisa lilitoa ardhi, likajenga mabweni, na linauliza ukatoliki wa shule utabaki wapi kama CRE itasomwa na darasa moja tu kati ya sita. Ni swali halali. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mfadhili jukumu la kusimamia na kushauri kuhusu makuzi ya kiroho, lakini papo hapo kinamtaka alinde imani za wengine. Katiba, katika kifungu cha 32, inakataza kumlazimisha mtu kufuata ibada au tendo lililo kinyume cha imani yake. Mumias ni mji wenye Waislamu wengi tangu zamani, na wizara inapopanga wanafunzi katika shule ya umma haiulizi cheti cha ubatizo. Malezi ya kiroho yana kipindi chake cha wiki kwenye ratiba, yana kasisi wa shule, Misa na vikundi vya vijana. CRE ni somo la mtihani. Ukiyachanganya, unapata darasa la wanafunzi 50 ambao 30 kati yao wanahesabu dakika.

Kinachofanya kazi ni kuipa CRE mseto wenye nguvu, kwa mfano pamoja na Historia na Fasihi, na kumweka hapo mwalimu bora badala ya yule aliyebakiwa na vipindi vichache. Anayeelekea sheria, ualimu au uanahabari ataifuata mwenyewe. Shule za kibinafsi zinazomilikiwa na shirika la kitawa zina uhuru mpana zaidi wa kuweka masharti, ilimradi ziyataje kabla ya mzazi kulipa.

Shule za wasichana zina tatizo jingine. Nyingi zina jiko zuri la Sayansi Kimu na hazina karakana ya umeme wala ya vyuma, basi msichana aliyechagua tawi la ufundi huishia kwenye Sayansi Kimu "kwa muda". Muda huo huwa miaka mitatu. Vivyo hivyo kwa Teknolojia ya Bahari na Uvuvi: ni somo linalofaa kabisa mwambao wa Ziwa Victoria, lakini bila bwawa, nyavu na mtu anayejua samaki ni kitabu tu. Shule isiyo na vifaa isilitangaze.

Kutangaza ndiko hasa kunakozua ugomvi huu. Shule ingetoa orodha ya miseto inayoweza kuifundisha kabla Gredi ya 9 hawajachagua, pamoja na idadi ya walimu wa kila somo na nafasi za kila darasa, sehemu kubwa ya malalamiko ya Januari isingekuwepo. Mtoto achague mkondo; shule iwe na haki ya kukataa mseto isiyoweza kuufundisha, lakini ikatae mapema.

Kwa waliokwisha kufika, dirisha la kubadili liwe wazi hadi nusu ya muhula wa kwanza. Wiki nne za somo la vipindi sita ni vipindi 24, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuvifidia. Akihama muhula wa pili, deni linapita 70. Mwanafunzi aandike ombi, mwalimu wa somo analolihamia aambatanishe alama, mzazi atie saini, naibu mwalimu mkuu athibitishe nafasi. Kisha, hatua inayosahaulika sana, mabadiliko yaingizwe kwenye mfumo wa wizara. Mtoto akikaa darasa la Jiografia huku kumbukumbu zikimwonyesha Kemia, tathmini zake za shuleni zitakosa pa kuwekwa, na kosa hilo hugunduliwa wakati wa kusajili watahiniwa. Ombi likikataliwa, jibu liwe la maandishi na litaje sababu: nafasi zimejaa, au alama za somo hilo ni hizi. "Sera ya shule" si sababu.