Namba za Matt Ryan na gharama ya kumfukuza mratibu

Anza na namba sita za Matt Ryan, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa Atlanta Falcons kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, msimu wa 2015 hadi 2020. Pasi zake zilizonaswa na wapinzani ni 16, kisha 7, 12, 7, 14 na 11. Kwotabeki ni yuleyule, na kocha mkuu Dan Quinn alikuwepo mpaka Oktoba 2020. Waliokuwa wakibadilika ni waratibu wa mashambulizi, yaani makocha wanaopanga mbinu za kushambulia: Kyle Shanahan miaka miwili, Steve Sarkisian miwili, Dirk Koetter miwili. Kila anapoingia mpya makosa yanapanda, na mwaka wake wa pili yanashuka.

Wanaotaka mratibu afukuzwe mapema wana hoja, tena nzito. Desemba 2012 Baltimore Ravens walimfukuza Cam Cameron zikiwa zimebaki mechi tatu. Jim Caldwell akashika nafasi, kwotabeki Joe Flacco akapiga pasi 11 za tachidauni, yaani za kufunga, kwenye mtoano bila hata moja kunaswa, na kombe likaenda Baltimore. Ila Caldwell alikuwa tayari kocha wa makwotabeki palepale. Kitabu cha mbinu kilibaki kilekile na maneno yakabaki yaleyale. Aliyebadilika ni anayeyatamka.

Maneno hayo ndiyo gharama isiyoonekana kwenye televisheni. Kati ya shambulizi moja na lingine kuna sekunde 40, na redio iliyo ndani ya helmeti ya kwotabeki hukatwa zikibaki sekunde 15. Agizo moja la Shanahan hubeba mpangilio wa wachezaji, nani asogee kabla ya mpira kutoka, safu ya mbele imlinde vipi kwotabeki, njia za wapokeaji, na mara nyingi mbinu ya akiba. Ryan anapaswa kulisikia, kuwarudia wenzake kumi, kusogea mstarini, kisha kuwasoma mabeki wa nyuma wa wapinzani. Akiwa bado anatafsiri kichwani kutoka lugha ya mratibu aliyepita, muda unaoliwa ni ule wa kuwasoma mabeki.

Baada ya maneno, miguu. Kila njia ya mpokeaji imefungwa kwenye hatua za kwotabeki: tatu, tano au saba. Mratibu mpya akitaka mpokeaji akate kona yadi mbili mbele ya pale alipozoea, huku miguu ya kwotabeki ikifuata mdundo wa zamani, mpira unafika kabla mpokeaji hajageuka. Beki aliyekuwa anautazama anauchukua bila jasho.

Na muda wa kurekebisha ni mdogo. Programu ya kabla ya msimu ni wiki tisa, na mazoezi ya pamoja yasiyo na kugongana ni siku kumi tu. Timu yenye kocha mkuu mpya huruhusiwa kambi ya ziada. Mratibu mpya chini ya kocha mkuu wa zamani haongezewi hata siku moja, na hali ya Sarkisian mwaka 2017 ilikuwa hiyo.

Kweli, pointi 540 za 2016, kutoka 339 mwaka uliotangulia, hazikuwa za Shanahan peke yake. Alex Mack, senta (mchezaji wa katikati ya safu ya mbele anayemkabidhi kwotabeki mpira), alisajiliwa mwaka huo. Lakini Mack alikuwa amecheza chini ya Shanahan kule Cleveland mwaka 2014. Aliingia akiijua lugha.

Sarkisian naye ana doa. Mtoano wa Januari 2018 dhidi ya Philadelphia, Falcons wako nyuma 15-10, wamebakiza yadi mbili, jaribio la mwisho. Akaagiza Ryan akimbilie kulia, na kwa agizo hilo nusu ya uwanja ikafa, maana upande wa kushoto haukuwa tena na faida. Msimu uliofuata ukafunguliwa uwanja uleule kwa kipigo cha 18-12, shida ikiwa ileile ya karibu na mstari wa goli. Shabiki aliyekasirika hakukosea.

Kisha tazama msimu wote wa 2018. Pointi zilipanda kutoka 353 hadi 414. Ryan alipiga pasi 35 za tachidauni, huku mkimbiaji Devonta Freeman akicheza mechi mbili tu na walinzi wote wawili wanaocheza kando ya senta wakiumia. Timu ilimaliza na ushindi 7 na vipigo 9 kwa sababu ulinzi, uliowapoteza nguzo zake kwa majeraha, uliruhusu pointi 423. Tarehe 31 Desemba waratibu wote watatu, wa mashambulizi, wa ulinzi na wa vikosi maalumu vya mipira ya mateke, walifukuzwa, akiwemo huyu ambaye idara yake ilikuwa imeshapona.

Koetter alikuwa amemfundisha Ryan 2012 hadi 2014, na mwaka wake wa kwanza wa wakati ule timu ilishinda mechi 13. Kwa hiyo mwaka wa kwanza si lazima uharibike. Lakini kumjua mtu hakukutosha aliporudi 2019: pointi zilishuka hadi 381, pasi zilizonaswa zikawa 14. Zilipoteremka hadi 11, akaletwa kocha mkuu mpya, Arthur Smith, na kitabu chake. Ryan akajifunza lugha ya nne ndani ya miaka saba, akiwa na umri wa miaka 36, na idadi ikapanda tena, 12.